Mtaji wa Mabenki na Hatari za Pwani ya Quiterajo

Quiterajo ni tarafa ya wilaya ya Macomia, katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, karibu na mahali mto Messalo unapojimwaga baharini. Na wakazi wake, ambao wengi wao ni Wamwani, na Kimwani chao kiko jirani sana na Kiswahili chetu, wameishi tangu zama za kale kwa samaki, kwa nazi, kwa mashamba ya bondeni na kwa biashara ya vyombo baina ya bara na visiwa vya Quirimbas. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua katika pwani hii, baina ya Macomia na Mocímboa da Praia, kwa pepo zilizokaribia mwendo wa kilomita 220 kwa saa. Hata kabla watu hawajamaliza kuezeka, vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vikazidi kutambaa, na katika mwaka 2020 Quiterajo yenyewe ikashambuliwa, watu wakatawanyika kwa mashua na kwa miguu, wakajiunga na umati ambao baadaye ulikaribia milioni moja ya wakimbizi wa ndani ya mkoa mzima. Atakaye kujua hatari ni kitu gani, na aanzie hapa. Lakini atakaye kujua jinsi hatari inavyopimwa, inavyoandikwa daftarini na inavyowekewa kinga, itambidi asafiri mpaka Maputo, kwenye majumba ya mabenki.

Aghalabu mtu akisikia ya kuwa benki fulani ina mtaji wa mamilioni kadha wa kadha, hudhani kwamba fedha hizo zimefungiwa kabatini zikingojea siku ya dhiki. Sivyo. Fedha za benki, ziwe za wenye hisa au za wenye amana, huchanganyika na kutoka pamoja: nyingine hukopeshwa mfanyabiashara wa Nampula, nyingine hununua hati za deni la serikali, nyingine hujenga jumba la vioo mjini Pemba. Tofauti ya fedha za wenye hisa na za wenye amana haimo katika mahali zilipo, bali imo katika zamu ya kupata hasara. Tuseme benki imekopesha meticais 100, sarafu ya Msumbiji, na katika hizo 88 ni amana za watu, na 12 ni mali ya wenye benki, yaani mtaji. Wadaiwa wakishindwa kulipa meticais 5, hasara ni ya wenye benki peke yao, na mwenye amana hana hata habari. Wakishindwa kulipa 12, wenye benki wamekwisha, walakini mwenye amana bado hajapoteza kitu. Wakishindwa kulipa 15, hapo ndipo mjane aliyeweka akiba ya kumwozea mwanawe aanzapo kulipia makosa ya watu asiowajua na ambao hawatamjua.

Nahodha yeyote wa pwani hii aijua farumi: mawe au mchanga ulao nafasi ya shehena, usionunuliwa katika bandari yoyote, na ambao katika bahari shwari huonekana kuwa mzigo wa bure. Mwenye benki huutazama mtaji kwa jicho hilo hilo, maana kadiri unavyokuwa mdogo mbele ya mikopo aliyoitoa ndivyo faida ya kila hisa yake inavyonona. Na kwa sababu hiyo serikali za dunia zimeona haifai kumwachia yeye peke yake aamue kiasi chake.

Walifika kwenye uamuzi huo baada ya kuumia. Tarehe 26 Juni 1974 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilifunga benki ya Herstatt ya mjini Köln, na kwa kuwa New York ilikuwa bado ni asubuhi, mabenki yaliyokwisha kulipa fedha za Kijerumani yakabaki yakingojea dola ambazo hazikuja. Kabla ya mwaka huo kwisha, magavana wa mabenki makuu ya nchi kumi tajiri waliunda halmashauri iliyokaa Basel, katika nchi ya Uswisi. Na mnamo 1988 halmashauri hiyo ikapatana kwamba benki isiwe na mtaji ulio chini ya asilimia 8 ya mali yake, baada ya kila mali kupewa uzito kwa kadiri ya hatari yake. Mkopo usio na rehani ulipewa uzito kamili, mkopo wa nyumba uzito pungufu, na deni la serikali kwa sarafu yake yenyewe likaruhusiwa kupewa uzito wa sifuri, yaani kuhesabiwa kama kwamba halina hatari yoyote. Msomaji na aikumbuke sifuri hiyo.

Msumbiji iliifuata kanuni ya asilimia 8, lakini kanuni iliyoandikwa na kanuni inayotekelezwa ni vitu viwili. Mwaka 1997 benki ya serikali iliyoitwa Banco Popular de Desenvolvimento, iliyokuwa na matawi mengi mikoani, iliuzwa kwa shirika la wenyeji na benki moja ya Malaysia, ikapewa jina la Banco Austral. Mikopo ilitolewa kwa watu wenye vyeo na marafiki wa wenye vyeo, wengi wao wasiwe na nia ya kulipa. Na ilipofika Aprili 2001 wenye hisa walirudisha benki kwa serikali ikiwa mahututi. Bwana António Siba-Siba Macuácua, ofisa kijana wa ukaguzi wa benki kuu, aliteuliwa kuiongoza kwa muda. Aliwadai wadaiwa, akawatangaza kwa majina yao magazetini. Tarehe 11 Agosti 2001 aliuawa kwa kutupwa katika uwazi wa ngazi za jumba la benki mjini Maputo. Miezi tisa kabla yake, Novemba 2000, mwandishi wa habari Carlos Cardoso alikuwa amepigwa risasi katika mji huo huo, akiwa katika kuchunguza wizi wa kiasi cha dola milioni 14 katika benki nyingine, Banco Comercial de Moçambique. Vitabu vya elimu ya mabenki hutaja hatari ya mkopo, hatari ya soko, hatari ya ukosefu wa fedha taslimu na hatari ya uendeshaji. Sijaona kitabu kilichokadiria mtaji gani utoshao kuikinga benki na mdaiwa anayeweza kumwua mdai wake.

Mtikisiko uliofuata ulitoka kwa mtu aliyepewa uzito wa sifuri. Mwezi wa Aprili 2016 dunia ilipata kujua kwamba makampuni ya serikali ya Msumbiji yalikuwa yamekopa, baina ya 2013 na 2014, kiasi cha dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali, sehemu kubwa ya deni hilo ikifichwa kwa bunge na kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Wafadhili walizuia misaada, metical ikaanguka, bei zikapanda, na Januari 2017 serikali ikashindwa kulipa riba ya karibu dola milioni 60. Wafanyabiashara waliokopa dola na kuuza kwa meticais wakajikuta deni lao limekua bila ya wao kukopa tena. Tarehe 30 Septemba 2016 benki kuu, chini ya gavana mpya Bwana Rogério Zandamela, iliingia katika Moza Banco, ambayo mtaji wake ulikuwa umeliwa, ikawaondoa viongozi wake. Na mwezi wa Novemba ikainyang'anya leseni benki ndogo iliyoitwa Nosso Banco na kuivunja. Wenye amana wa Nosso Banco walilipwa na mfuko wa dhamana mpaka meticais 20,000 kila mtu. Aliyekuwa na zaidi akasimama katika safu ya wadai kungojea mabaki. Moza Banco ilinusurika, ikanunuliwa na kampuni ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa benki kuu hiyo hiyo, jambo ambalo kwa insafu halipendezi, kwa kuwa mkaguzi hakagui sawasawa duka ambalo uzee wake unalitegemea.

Mwaka 2017 kanuni zikakazwa: mtaji wa chini wa benki ukapandishwa kutoka meticais milioni 70 hadi bilioni 1.7, na uwiano wa mtaji kutoka asilimia 8 hadi 12. Jirani zetu walipitia njia hiyo hiyo. Kenya ilizifunga Imperial Bank mwaka 2015 na Chase Bank mwaka 2016 zikiwa na mikopo isiyoonekana wazi katika hesabu zao, na Tanzania, tarehe 4 Januari 2018, ilifuta leseni za mabenki matano madogo kwa upungufu wa mtaji, miongoni mwao yakiwa mabenki ya wananchi wa Njombe na Meru. Siwalaumu magavana. Benki isiyo na mtaji ikiachwa wazi huendelea kupokea amana za watu wapya ili kuwalipa wa zamani, na kila siku ya huruma huongeza idadi ya watakaolia.

Lakini ukali huo una upande wake wa pili, na hapo ndipo Quiterajo inaporudi katika maelezo haya. Ofisa wa mikopo anayepima ombi la mvuvi wa Quiterajo atakaye mashine ya mashua huona kimbunga, huona vita, huona nyumba isiyo na hati, huona barabara ambayo mvua za Messalo huikata. Humpa mkopo huo uzito kamili, huutengea mtaji, halafu huutazama upande wa pili wa meza, ambako hati ya serikali yenye riba nzuri ingali inahesabiwa kuwa haina hatari. Mwaka 2023, benki kuu ilipoyaamuru mabenki yaweke kwake meticais 39 katika kila 100 ya amana ili kupunguza fedha sokoni, kilichobaki cha kukopesha kilipungua zaidi, na mkopo mdogo wa mbali ndio aghalabu hukatwa kwanza. Hata ule mpango wa serikali wa mwaka 2016 wa kupeleka benki moja katika kila wilaya ulihesabu wilaya, haukuhesabu tarafa. Na mabenki yaliyokuwa yamefika kaskazini yaliona kwa macho: Machi 2021 mji wa Palma uliposhambuliwa, matawi ya mabenki hayo hayakusalimika.

Benki iliyojitenga hivyo imeilinda mali ya wenye amana wake, nayo imefanya haki. Walakini hatari yenyewe haikufutika, ila imeachwa mikononi mwa mvuvi, ambaye hana hisa, hana mfuko wa dhamana, wala hana gavana. Wakala wa M-Pesa anayejaza pengo hilo kwa simu yake hubeba mfukoni mwake hatari ya benki nzima: akiba yake ya taslimu ikimwishia hakuna anayetoa fedha siku hiyo, mnara wa simu ukiangushwa hakuna biashara, na akiporwa ameporwa yeye.

Waliobaki ni watu wenyewe. Katika mkoa huu, tangu miaka ya elfu mbili, mashirika kama Aga Khan Foundation yamesaidia vijiji kuunda vikundi vya kuweka na kukopa: wanachama, wengi wao wanawake, hukutana kila wiki au kila nusu mwezi, huweka hisa zao katika sanduku lenye makufuli kadha, funguo zikikaa kwa watu mbalimbali, hukopeshana kutoka sanduku hilo, na mwisho wa mwaka hugawana akiba pamoja na faida. Ukikitazama kikundi hiki kwa mizani ya Basel utastaajabu, kwa kuwa hakina amana ya mtu wa nje hata moja, na kila metical iliyokopeshwa ni ya mwanachama. Mtaji wake ni asilimia 100, wala hakuna benki ya Maputo wala ya London iwezayo kujisifu hivyo. Hata hivyo kina udhaifu mmoja usioponywa kwa uaminifu wala kwa makufuli. Wanachama wote huishi chini ya wingu moja. Kenneth ilipokuja haikumvunjia mashua mmoja ikamwachia mwenziwe wa kumkopesha. Ilizivunja zote usiku mmoja, na siku ya kukimbia kila mtu hutaka fungu lake saa ile ile. Kijiji kina mtaji na hakina mahali pa kuitawanya hatari. Benki ina nchi nzima ya kuitawanyia, na ndiyo iliyoondoka.

Kuziunganisha pande hizi mbili si kazi ya benki kuu peke yake, wala si insafu kuyalazimisha mabenki yakopeshe penye bunduki kwa amana za watu wengine. Ni kazi ya hazina ya serikali, nayo sasa haiwezi kusingizia umaskini. Gesi ya Cabo Delgado imekuwa ikisafirishwa nje tangu Novemba 2022, na sheria ya Mfuko wa Taifa wa Msumbiji, iliyoanza kutumika 2024, inaamuru kwamba katika miaka 15 ya mwanzo asilimia 40 ya mapato ya gesi iwekwe akiba na asilimia 60 iingie katika bajeti. Kutoka katika hizo 60, fungu dogo litengwe kuwa dhamana ya kwanza kwa mikopo ya wavuvi na wafanyabiashara wa pwani hii, ili kimbunga au vita vikitokea hasara ya mwanzo ibebwe na serikali kabla ya benki na kabla ya kikundi. Na hesabu za fungu hilo zichapishwe kila mwaka kwa Kireno, kwa Kimwani na kwa Kimakonde, ili watu wa Quiterajo wazisome wenyewe.