Mpya siyo lazima iwe bora: kisa cha Predator na sura za nta

Kuna binamu yangu yuko Muscat, anarudi mwezi ujao, kaniuliza swali jepesi tu: nikuletee Predator ipi, maana ziko nyingi? Nikamjibu kwa meseji ndefu mpaka akasema si bora uandike kabisa. Haya, nimeandika. Humu ndani kuna kosa langu mwenyewe, kwa hiyo mkicheka chekeni taratibu.

Ba'mdogo wangu ana kibanda umiza Mbagala. Siku za mpira ni mpira, siku nyingine anaonyesha mikanda ya zamani, na hakuna unaojaza mabenchi kama Predator ya 1987, ile ya Arnold Schwarzenegger kule msituni. Alikuwa nayo kwenye Blu-ray iliyotoka 2008. Ilikuwa na chenga, tena siyo kidogo. Mimi ndiyo nimemaliza form four, najiona mtaalamu wa mitambo, nikamwambia, "Ba'mdogo, hii imepitwa na wakati. Kuna toleo la 2010 limesafishwa upya, tuuze hii tununue ile." Akaniuliza mara mbili, "Una uhakika, mwanangu?" Nikasema ninao.

Siku ya kwanza kuionyesha, mzee mmoja wa benchi la mbele akapaza sauti, "Huyu steringi wamempaka nini usoni?" Kibanda kizima kicheko. Kumbe mzee kaona vizuri kuliko mimi. Ngozi ya Arnold ilikuwa laini kama mshumaa. Ile sehemu ya mwanzoni anapokutana na Dillon (Carl Weathers), wanashikana mikono na kutunishiana misuli, mikono ile unatakiwa uone jasho na mishipa. Sasa ilikuwa kama mikono ya sanamu dukani. Na majani ya msitu, ambayo ni nusu ya filamu yenyewe, kwa mbali yalikuwa kama uji wa kijani.

Kwanza nililaumu TV. Na kweli TV ilikuwa na makosa yake: ilikuwa imewekwa kwenye ile hali ya rangi kali, na ndani ya menyu kuna kitu cha kupunguza chenga kimewashwa. Nikazima vyote. Sura bado nta. Hapo ndiyo nikaanza kusoma.

Kumbe zile chenga siyo uchafu. Filamu za wakati ule zilipigwa kwenye ukanda wa milimita 35, na ule ukanda umepakwa vijichembe vidogo sana vya madini ya fedha vinavyoathiriwa na mwanga. Ukanda wa rangi ukisafishwa maabara, pale kilipokuwa kijichembe panabaki kiwingu kidogo cha rangi. Picha nzima, sura, jasho, majani, imejengwa na viwingu hivyo hivyo. Na kwa kuwa vijichembe havikai sehemu moja kwenye kila picha, na picha zinapita 24 kwa sekunde, basi unaona kama kitu kinachezacheza. Ndiyo chenga zenyewe.

Predator ina chenga nyingi kwa sababu zake. Walipiga Mexico, chini ya miti, mwanga hafifu. Halafu yule mnyama anapokuwa haonekani, unaona hewa tu inajikunja, siyo kompyuta kama za leo ile. Mtu alivaa suti nyekundu, kwa sababu nyekundu haichanganyikani na kijani cha msitu wala bluu ya anga, kisha wakaondoa nyekundu na kupachika picha juu ya picha kwenye mtambo maalumu. Kila ukipiga picha ya picha, chenga zinaongezeka.

Sasa toleo la 2010, lile waliloliita Ultimate Hunter Edition, lilitoka mwaka ule ule wa filamu mpya ya Predators, na walitaka lionekane jipya. Wakapitisha programu ya kuondoa chenga. Programu hizi zinalinganisha picha moja na inayofuata. Kinachobaki palepale inakiamini, kidogo kinachorukaruka inakiona takataka na kukisawazisha. Tatizo ni kwamba kitundu cha ngozi, tone la jasho, ncha ya jani vina ukubwa ule ule wa chenga. Programu haijui tofauti. Ukiizidisha, vyote vinakwenda. Na ukishaondoa, rimoti yako hairudishi.

Mfano unaochekesha zaidi ni Gladiator. Blu-ray yake ya 2009, ile vita ya mwanzo kule Germania, baadhi ya mishale ya moto inapotea hewani! Mashine ya kusafisha ukanda iliona vidoti vinavyopita haraka ikadhani ni vumbi. Watazamaji wakapiga kelele, na 2010 ikatoka diski nyingine iliyorekebishwa. Ila jalada karibu lilikuwa lile lile, kwa hiyo ukinunua ya mtumba angalia sana.

Lakini niwe mkweli kwa ile ya 2008 pia. Haikuwa nzuri kihivyo. Ilikuwa diski ya GB 25 iliyobanwa kwa mtindo wa zamani wa MPEG-2, ule ule wa DVD. Ukibana filamu yenye chenga nyingi kwenye nafasi ndogo, sehemu za giza zinakatika vipande vya mraba kama vigae. Hapa ndipo wengi tunachanganya mambo. Chenga za filamu zinacheza na hazina umbo. Vigae vina kona. Chenga ni filamu, vigae ni ubahili wa nafasi. Ba'mdogo alikuwa na haki ya kulalamikia vigae, mimi nikaenda kumtibu chenga.

Na sisemi kusafisha ni dhambi. Mwaka ule ule wa 2010 ilitoka Blu-ray ya Aliens, chini ya usimamizi wa James Cameron mwenyewe. Ukanda ule nao ulijulikana kwa chenga, wakazipunguza kwa kiasi, nyuso zikabaki nyuso, na watu wengi wakaisifu. Cha ajabu, diski ya 4K ya filamu hiyo hiyo ilipotoka 2024, ikitokana na kazi mpya ya kompyuta, ndiyo ikaleta ugomvi mkubwa. Wengine waliipenda. Mimi nikiangalia nywele na macho naona kama vimechorwa upya na mtu aliyesimuliwa tu. Cameron ameikubali, filamu ni yake, lakini macho ni yangu.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha matoleo mawili, maneno ya kwenye jalada kama "imerekebishwa upya" yaache kwanza. Tumia TV moja. Zima cha kupunguza chenga, shusha kile cha kukaza picha, maana kikizidi kinaleta mstari mweupe pembeni ya mabega ya watu. Simamisha sehemu ile ile kwenye zote mbili. Usianze na milipuko, kila diski inapendeza kwenye milipuko. Anza na shavu la mtu akiwa karibu, halafu nywele, kitambaa, majani, mwisho giza. Kisha iache itembee, kwa sababu nyuso za nta zinajionyesha zaidi mtu anapogeuza kichwa. Na picha za kutumiana kwenye simu usizitumie kuamulia kesi, zimebanwa mara tatu kabla hazijakufikia.

Binamu nimemwambia alete ya 4K ya 2018. Chenga zimerudi, na matope aliyojipaka Arnold yanaonekana matope kweli. Diski za 4K hazifungwi kwa kanda za dunia, kwa hiyo ya Muscat au ya London inasoma hapa bila shida. Hiyo ni tofauti na Blu-ray za kawaida, ambazo nyingine zimefungiwa Marekani na deki ya huku inazikataa.

Shida ni moja: deki ya Ba'mdogo haisomi 4K. Hiyo itakuwa ya kuangalia kwa binamu tu. Kibandani bado tunaonyesha ya 2010, na yule mzee wa benchi la mbele kila ikiwekwa anauliza kama mafuta yamekauka. Ba'mdogo hajanigombeza hata siku moja, ila akisikia nimesema "nina uhakika" anaguna.

Kwa hiyo wadau, mwenye ile ya 2008, iliyochakaa jalada hata kama, diski isiwe na mikwaruzo, aniambie. Bei tutaelewana.