Kuokoka na kurudisha spana

Saa saba mchana katika Eneo la Viwanda la Thika, vibarua humiminika getini na maovaroli yao, wakielekea kwa akina mama wanaopakua githeri na chapati kando ya barabara. Mara nyingi wanamkuta mhubiri keshafika. Spika inakwaruza, na ujumbe ni ule ule: usingoje kesho. Ndani ya matatu za Ruiru ni vivyo hivyo. Mtu anasimama karibu na dereva, anahubiri, anapokea sadaka, anashuka.

Siwacheki. Kibarua anayetoa nusu ya saa yake ya chakula kwa ajili ya maombi hafanyi mchezo. Ila haraka yetu inaishia mdomoni, na wazee wa uamsho, wale ambao huku Kiambu huitwa ahonoki, yaani waliookoka, hawakuwa hivyo.

Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akaanza kuuliza kila aliyekutana naye kama ameokoka. Church alisimulia kwamba aliporudi Kampala mmisionari mmoja alimlalamikia: umemfanya nini mtu huyu?

Moto wa uamsho ulioanzia huko ulifika Kabete mwaka 1937, ukaenea Kikuyuni. Aliyeokoka alikiri dhambi zake mbele ya ndugu, kisha akafunga safari: kurudisha zana za mwajiri, kulipa mbuzi aliyeibwa, kumwomba msamaha jirani. Ushuhuda ulitaja makosa waziwazi, wakati mwingine kupita kiasi. Wachungaji walilalamika kwamba aibu za nyumbani zinaanikwa hadharani, na nadhani walikuwa na hoja. Hata hivyo, aliyelipwa deni lake hakuhitaji kuhubiriwa sana.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya mwaka 1952. Wengi wa ahonoki walikataa kiapo cha Mau Mau, na wapo waliokataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi waliuawa. Hapakuwa na muda wa kwenda kutafakari: waliobisha hodi usiku walitaka jibu mlangoni.

Leo jaribu ni dogo zaidi, lakini lina ugumu wake. Tuseme fundi ana spana ya kiwanda nyumbani kwake Kiganjo. Akiirudisha na kukiri, huenda akapoteza kibarua siku hiyo hiyo, na wenye nyumba za kupanga hawapokei ushuhuda badala ya pesa. Mwajiri atakayemfukuza anaweza kuwa naye ameokoka, na Jumapili anakaa kiti cha mbele kanisani huku saa za ziada za wafanyakazi wake hazijalipwa. Wahubiri wa saa saba humlenga fundi kwa sababu ndiye aliye barabarani. Mwenye kiwanda hupita na gari, vioo vimefungwa. Huyo inabidi apelekewe neno ofisini, pamoja na karatasi ya hesabu ya anachodaiwa.