Posho Kilo Moja na Nusu, Maharage Nusu Kilo

Vijana watatu waliopanga chumba Kikoni, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kila wakienda soko la Kalerwe wana swali lile lile: unga wa posho kiasi gani, maharage kiasi gani? Tuseme kwa siku wanahitaji kalori 7,000 na gramu 230 za protini. Kilo ya unga hutoa kalori kama 3,500, na maharage makavu hayako mbali na hapo. Protini ndiyo inayotofautiana: gramu 80 hivi kwa unga, 220 kwa maharage. Bei tuziweke shilingi 2,500 na 4,000 kwa kilo.

Aliyefanya hesabu za mtihani wa taifa wa UNEB anaikumbuka programu mstari: karatasi ya grafu, mistari miwili, unatia kivuli upande usiotakiwa. Eneo linalobaki hapa lina kona tatu. Posho tupu, kilo 2.875, ni shilingi 7,188. Maharage matupu, kilo 2, ni 8,000. Mistari inapokatana, kilo 1.5 ya unga na nusu kilo ya maharage, ni 5,750. Hakuna mchanganyiko mwingine utakaoshuka chini ya hapo.

Uzuri wa kona ni ukaidi wake. Maharage yakipanda shilingi 500, wengi hukimbilia kuyapunguza. Wasifanye hivyo. Kona hiyo ya mchanganyiko inabaki nafuu kuliko zote mpaka kilo ya maharage ifike mara 2.75 ya bei ya unga (220 gawa kwa 80), yaani 6,875. Ikivuka hapo, hupunguzi kidogo kidogo; unahamia posho tupu kwa mkupuo. Na makaa? Kweli, maharage hula makaa, lakini hata ukiongeza 1,500 kwa kilo unafika 5,500 tu.

Swali la vijana hawa si geni: mwaka 1945 mchumi wa Marekani George Stigler alitafuta kapu la bei ndogo kabisa katika vyakula 77 kwa virutubisho 9. Kwa kubahatisha kitaalamu alipata dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za 1939. Njia ya mwanahisabati George Dantzig ya 1947, inayotembea kutoka kona hadi kona, ikatoa 39.69.

Tatizo la hesabu yetu ya posho na maharage ni kwamba masharti mawili hayaleti zaidi ya vyakula viwili. Mboga za nakati na dodo, na dagaa wa mukene, huenda visiingie kapuni mpaka uandike sharti linalovihitaji. Mimi ningeongeza vitamini A, na fungu la dodo lingenunuliwa kabla ya nyama.