Springi Inapokea, Hii Inatuliza

Kwa muda wa miezi mitatu gari langu lilikuwa likininong'oneza, baadaye likawa likinipigia kelele, nami nikajitia hamnazo. Ni Peugeot 504 ya familia, yenye viti safu tatu, mojawapo ya zile zilizounganishwa Mombasa, na nililirithi kwa marehemu baba yangu aliyekuwa mwalimu. Gari la aina hii lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Sifa hizo, hata hivyo, hazimfai mtu kitu magurudumu ya mbele yanapoanza kugonga kwenye kila tuta la Kondele.

Kilichonizindua ni Jumapili moja tulipokuwa tukirudi Kisumu kutoka Ahero. Msomaji azijuaye nyanda za Kano anaufahamu ule udongo mweusi ambao hufura masika na kupasuka kiangazi, ukaipinda barabara yoyote iliyojengwa juu yake bila msingi wa kutosha. Tuliingia katika bonde dogo la lami. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena, na usukani ukanivuta kuelekea upande wa lori lililokuwa likija. Niliurudisha kwa nguvu. Watoto huko nyuma walinyamaza ghafla, na mke wangu hakusema neno hadi tulipofika nyumbani. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa kwa fundi, karibu na soko la Kibuye.

Fundi huyo, mtu mzima wa kunizidi umri, hakufungua kitu kwanza. Aliikandamiza pembe ya mbele ya gari, kisha akaiachia. Gari zima hupanda mara moja likatulia. Langu lilinesanesa kama mtumbwi wa Dunga wakati wa upepo. Akalipandisha kwa jeki, akatia mtaimbo chini ya gurudumu na kulinyanyua, boljointi ikacheza waziwazi. Hiki ni kiungo chenye kichwa cha duara kinachogeuka ndani ya kikombe chake, mfano wa nyonga ya binadamu. Kikichomoka gari likiwa mwendoni, gurudumu hulala ubavu.

"Japuonj," akaniambia, yaani mwalimu kwa Kijaluo, "ulikuwa unawabeba watoto juu ya bahati."

Sikuwa na la kujibu. Ili kuificha aibu yangu nikamwuliza zile shoki mbili alizoagiza nikanunue zinafanya kazi gani hasa. Akajibu bila kuinua macho: "Springi inapokea, hii inatuliza."

Waama, hapo nililisahau gari. Jina la Kiingereza la kifaa hiki maana yake ni kinyonya mishtuko, na jina hilo linapotosha. Anayeupokea mshtuko wa shimo ni springi. Silinda hii huizuia springi isiendelee kurukaruka, kwa kuyalazimisha mafuta yaliyomo ndani yapite katika vitundu vyembamba. Wenzetu wa Tanzania hulitamka jina hilo shokomzoba, na mtaalamu wa fonolojia hulifurahia: mfuatano wa b na z umekataliwa na ulimi, m ya mzee na mzigo ikashika nafasi yake. Neno limezaliwa kihalali na sina ugomvi nalo. Ila halimwambii mwanafunzi chochote, ilhali maneno manne ya fundi yamemwambia yote. Kwa nini tusiseme kitulizi?

Aliyezibadilisha bushi ni mwanagenzi wake, kijana wa miaka ishirini hivi. Alizikaza bolti nusu tu, akalishusha gari hadi likasimama kwa uzito wake, ndipo akazikaza kabisa. Nikamwuliza sababu. Akachora mchangani kwa bisibisi, akanieleza kwamba mpira ukikazwa gari likiwa linaning'inia hubaki umesokoteka siku zote, ukachanika upesi. Nimewasikia maprofesa wakieleza mambo mepesi kuliko hayo vibaya zaidi. Kijana huyu, nikaambiwa, alianguka mtihani wa ufundi. Mikono yake ilipita. Karatasi ya nadharia, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ndiyo iliyomwangusha.

Yamkini mwenzangu mmoja atasema kwamba vitabu vya magari huja kwa Kiingereza, kwa hiyo hana budi kukijua. Ni kweli, na akijifunze. Lakini karatasi ile haikudai kumpima Kiingereza; ilidai kumpima ufundi. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, nasi katika idara zetu tunaendelea kuandika tasnifu juu ya riwaya na mashairi, yangu mwenyewe ikiwamo. Ni nani kati yetu aliyewahi kumtuma mwanafunzi akaketi Kibuye wiki mbili na daftari, ayaandike maneno ya watu hawa kabla wazee hawajaondoka nayo? Mimi sijawahi. Muhula ujao nitawatuma wawili, na fundi amekubali, mradi wasiguse spana zake.

Vitulizi tulivibadilisha vyote viwili vya mbele, kwani kimoja kipya na kimoja kikuukuu hulifanya gari lichechemee, na magurudumu yakapimwa upya yaelekee sawa. Jumapili iliyofuata tulipita palepale, katika bonde lile la lami. Gari lilipanda mara moja, likatulia. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa amelala.