Ufilipino: Leni Robredo, avoka wa wavuvi aliyekosa urais akarudi kuwa meya

Wanasiasa wengi hutoka mtaani kwenda mji mkuu, na wakishafika huko hawarudi tena. Leni Robredo wa Ufilipino amerudi. Alikuwa makamu wa rais kwa miaka 6, akashindwa katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2022, na tarehe 30 Juni 2025 akaapishwa kuwa meya wa Naga, mji aliozaliwa. Naga ina wakaaji wapatao elfu 200 na iko kusini-mashariki mwa kisiwa cha Luzon. Ni mwanamke wa kwanza kuchaguliwa meya wa mji huo.

Robredo alizaliwa Aprili 1965, mwaka ambao Ferdinand Marcos alichaguliwa rais kwa mara ya kwanza. Alimaliza masomo ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Ufilipino mwaka 1986, wakati raia walipojaa barabarani mjini Manila na kumlazimisha Marcos kukimbia inchi. Msichana huyo aliyefikiria kwenda kusomea sheria aliamua kwanza kufanya kazi serikalini, katika mradi wa maendeleo wa bonde la mto Bicol. Kiongozi wa mradi huo alikuwa injinia kijana, Jesse Robredo. Walifunga ndoa mwaka 1987, na mwaka uliofuata Jesse akawa meya wa Naga.

Leni alisomea sheria palepale Naga huku akilea watoto. Mtihani wa uavoka ulimwangusha mara ya kwanza, akaurudia, na mwaka 1997 akaapishwa. Alitumikia ofisi ya serikali inayotetea watu wasio na uwezo wa kulipa avoka, kisha akajiunga na SALIGAN, shirika la wanasheria linalofuata wateja wake vijijini. Huko aliwasaidia wakulima waliogombania ardhi, wavuvi na wanawake waliopigwa na waume zao. Zaidi ya kusimama mahakamani, kazi yao ilikuwa kuwafundisha watu sheria ili waweze kujitetea wenyewe.

Mumewe naye alikuwa akibadilisha namna ya kuongoza mji. Mwaka 1995, Naga ilipitisha sheria inayoruhusu mashirika ya raia kuunda baraza lao na kukaa katika kamati za halmashauri ya mji, wakiwa na haki ya kupiga kura humo. Hesabu za mji ziliwekwa wazi. Mwaka 2000, Jesse alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay, ambayo wengi huifananisha na Nobel ya Asia. Baadaye akawa waziri wa mambo ya ndani. Tarehe 18 Agosti 2012, ndege ndogo iliyokuwa ikimrudisha nyumbani ilianguka baharini karibu na Masbate, akafariki. Leni alibaki na mabinti watatu.

Miezi michache baadaye, wafuasi wa chama chake walimwomba agombee ubunge. Mpinzani wake alitoka katika ukoo wa Villafuerte, uliotawala siasa za jimbo la Camarines Sur kwa miaka mingi. Robredo alishinda mwaka 2013. Bungeni alipigania sheria za kulazimisha serikali kuonyesha raia inavyotumia pesa zao. Watu walimzoea akipanda basi la usiku kati ya Manila na Naga, kama abiria wengine.

Mwaka 2016 aligombea umakamu wa rais, cheo ambacho Ufilipino hukipigia kura peke yake. Alimshinda Ferdinand Marcos Junior, mtoto wa yule rais wa zamani, kwa tofauti ya kura 263,473. Marcos alipinga matokeo hadi Februari 2021, majaji wa Mahakama Kuu walipotupilia mbali shauri lake.

Kiti hicho hakikuwa cha raha. Rais Rodrigo Duterte, naye pia mwanasheria na meya wa zamani, alikuwa akiendesha vita dhidi ya dawa za kulevya vilivyoua maelfu ya watu. Robredo alivilaumu hadharani. Mwishoni mwa mwaka 2016 aliambiwa asihudhurie tena vikao vya mawaziri, akajiuzulu kazi ya kusimamia makazi. Mwaka 2019 Duterte alimteua kushiriki kuongoza kamati ya kupambana na dawa hizo, kisha akamfuta kabla wiki 3 hazijatimia. Duterte mwenyewe alikamatwa Machi 2025 na kupelekwa The Hague, kwenye mahakama ya CPI.

Mwaka 2022 Robredo alikutana tena na Marcos Junior, safari hii wakigombea urais. Alipata kura milioni 15. Marcos alipata zaidi ya milioni 31. Robredo hakuingia katika kugombania matokeo: aliwataka wafuasi wake wayakubali, kisha akawageuza watu wa kujitolea katika shirika la misaada, Angat Buhay.

Sasa amepewa kazi ndogo kwa cheo, lakini wanaomdai wako mlangoni. Oktoba 2024, dhoruba ya kitropiki ilifunika sehemu kubwa ya Naga kwa maji, na wakaaji wanataka mifereji kabla ya hotuba. Katika siku zake za kwanza ofisini, meya huyo alitia saini amri ya kutovumilia rushwa ya aina yoyote.

Nchini Ufilipino, wakaaji humchagua meya wao moja kwa moja, kwa muhula wa miaka 3. Uchaguzi ujao ni mwaka 2028, pamoja na ule wa rais. Wanaomtaka Robredo agombee tena urais wapo. Lakini mama mwenye duka sokoni Naga atakuwa na swali jepesi zaidi: mvua iliponyesha, maji yaliingia dukani au hayakuingia?