Kuingiza Simu na Vyombo vya Redio Katika Nchi: Mambo Yapasayo Kujulikana

Watu wengi wa Kanazi, na wa vijiji vingine vya Kihanja katika wilaya za Bukoba na Muleba, hununua simu za mkono kwa watu watokao Uganda. Wengine huwaagizia ndugu zao walioko Kampala, na wenye maduka hujaza sanduku zima na kulivusha Mutukula, mwendo wa kilometa 80 hivi kutoka mjini Bukoba. Kununua ng'ambo ya mpaka si kosa. Lakini kila chombo cha kupelekea habari kina sheria zake, na mtu asiyezijua aweza kupoteza fedha za kahawa ya msimu mzima kwa kitu ambacho, kikifika nyumbani, hakisemi neno. Kwa hiyo tumeona vema kueleza habari hizi kwa urefu kidogo, ili viongozi wa vijiji na walimu wapate kuwaeleza na wengine.

Jambo la serikali kuviangalia vyombo hivi si geni huku kwetu. Zamani za Wadachi palikuwa na mnara wa simu ya upepo pale Bukoba. Mnamo tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Kisumu kwa meli yaliupiga mji na kuuharibu mnara ule, na hasa ndio uliowaleta. Sababu za siku hizi si za vita. Mawimbi ya hewani ni kama njia kuu ipitayo vijijini: ikiwa kila mtu ataendesha apendavyo, hapana atakayefika salama.

Kazi ya kuangalia njia hiyo imewekwa mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iitwayo TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, Namba 3 ya mwaka 2010, ndiyo inayoeleza zaidi habari za vyombo vyenyewe. Kwa ufupi, aina ya chombo yapasa iwe imepimwa na kukubaliwa na Mamlaka kabla hakijaingizwa kuuzwa; na mtu aingizaye vyombo kwa biashara hana budi kuwa na leseni ya kazi hiyo. Angalieni neno hili “kabla”. Wafanyabiashara wengi hununua kwanza, kisha huuliza forodhani. Na huko forodhani ndipo wanapoambiwa ya kuwa cheti walichotakiwa kuwa nacho hakitolewi pale mpakani. Mali hukaa, siku hupita, na gharama huongezeka. Msafiri mwenye simu yake moja mfukoni hatakiwi leseni ya mfanyabiashara, lakini simu yake nayo ina namba, na namba hiyo husomwa na mtandao mara aiwashapo.

Namba hiyo huitwa IMEI. Ina tarakimu 15, na kila simu ya kweli ina yake peke yake. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Ukitaka kuiona, bonyeza *#06# nayo itatokea kiooni. Tarakimu 8 za kwanza huonyesha aina ya simu, 6 zifuatazo ni za simu ile yenyewe, na ya mwisho ni tarakimu ya kuhakiki, ambayo hupatikana kwa hesabu. Walimu waweza kuifanya darasani. Twaa namba hii ya mfano: 490154203237518. Iache ile 8 ya mwisho. Katika tarakimu 14 zilizobaki, zidisha kwa mbili ya pili, ya nne, ya sita, na kuendelea hivyo; jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe, kama vile 9 huwa 18, na 18 huwa 1 na 8, yaani 9. Kisha jumlisha zote pamoja na zile usizozizidisha. Utapata 52. Kutoka 52 kufika 60, kumi kamili ifuatayo, zimepungua 8. Na 8 ndiyo tarakimu ya mwisho. Simu ambayo hesabu yake haikubali, namba yake ni ya uongo.

Lakini hesabu ikikubali usifurahi upesi, maana mdanganyifu aweza kunakili namba ya simu njema na kuitia katika simu elfu za bandia. Kwa sababu hiyo iko njia ya pili: kuituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba iliyotangazwa na Mamlaka, na kusoma jibu. Likikupa jina la aina nyingine, mathalani wewe umeshika simu ya kampuni hii na jibu lataja ya kampuni ile, mrudishie muuzaji simu yake na ushike fedha zako.

Majibu hayo hutoka katika Rajisi ya Namba Tambulishi, ambayo sheria ya 2010 iliagiza iwekwe. Rajisi hiyo ilitangazwa kwa watu mwezi Desemba 2015, wakapewa miezi sita ya kujihadhari. Ilipofika usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu za bandia zilizimwa katika mitandao yote nchini. Wakenya walikwisha kufanya vivyo hivyo mwishoni mwa Septemba 2012. Aliyenunua simu ya bandia kwa nia njema aliamka akiwa hana simu, na kwa mtu alipwaye mazao yake kwa njia ya simu, hasara hiyo si ndogo. Na hapa pana neno la kusema wazi: aliyeiingiza simu ile nchini alikwisha kula faida yake, aliyebaki na chombo kilichokufa ni mnunuzi wa mwisho, ambaye mara nyingi ndiye mwenye fedha chache kuliko wote. Kwa hiyo mwenye duka asiyekubali simu ihakikiwe mbele ya mnunuzi kabla ya malipo, hafai kununuliwa kwake.

Wako waulizao, je, rajisi hii husikiliza maneno ya watu? Swali hili si la ujinga. Kule Kenya watu walikwenda mahakamani juu ya chombo kingine cha kuchunguza simu za bandia, wakihofia siri zao. Mahakama Kuu ikakizuia mwaka 2018, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2020. Rajisi tunayoieleza hapa huhusu chombo: namba yake, aina yake, na kama kimeripotiwa kuibiwa. Mazungumzo hayapiti humo. Ni kweli lakini ya kuwa kampuni ya simu hujua laini ipi imetiwa katika simu ipi, na ndiyo maana simu iliyoibiwa, ikiripotiwa polisi, huweza kufungwa hata mwizi akibadili laini.

Tumesema sana juu ya simu za mkono kwa kuwa ndizo nyingi. Redio za upepo, zile za kushika mkononi watumiazo walinzi, zataka zaidi: hazitoshi kukubaliwa aina yake, bali mwenye kuzitumia hupewa na Mamlaka masafa yake kwa leseni. Shule au chama kikiletewa zawadi ya redio hizo na rafiki wa Ulaya, kiulize kwanza kabla hazijapakiwa. Kadhalika vyombo vya kuongeza nguvu za mtandao, viitwavyo busta, ambavyo watu wa mabondeni hushawishika kuvinunua. Chombo kibaya cha namna hii humfaa mwenye nyumba moja na kuwaharibia jirani zake wote, maana hupiga kelele katika mawimbi ya mnara, nao wasijue kwa nini simu zao zakatika.

Mwenye kuleta mzigo apitie Mutukula, au bandari za Bukoba na Kemondo, kwa njia ya forodha, akiwa na ankara ya kununulia, leseni yake, na cheti cha kukubaliwa kwa aina ya vyombo, na amtumie wakala wa forodha anayetambuliwa na Mamlaka ya Mapato. Ajaribu pia simu chache za mzigo kwa *#06# kabla hajalipa huko anakonunua, na kulinganisha namba za kiooni na zile zilizochapwa juu ya maboksi. Mwenye shaka juu ya leseni au cheti aiulize ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kanda ya Ziwa, iliyoko Mwanza, kabla fedha zake hazijavuka mpaka.