Njia ikikatika, nani aamue? Theluji ya Buffalo na mvua za Nyungwe



Kila mwaka, tangu mwezi wa tatu hadi wa tano, sisi wa Bweyeye hulala tukisikiliza mabati. Mvua ya Nyungwe si ya kunong'ona. Msitu huu hupata hadi milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sababu yake ni milima: hewa yenye unyevu ikilazimishwa kuupanda mgongo unaogawa maji ya Kongo na ya Nili, hupoa na kumwaga mzigo wake papo hapo, juu ya vichwa vyetu. Mtu akiamka alfajiri hulizi kwanza habari za uji. Huuliza habari za njia. Je, inapitika? Lami iliyoletwa miaka ya karibuni kutoka Pindura imetupunguzia taabu nyingi, lakini lami haimzuii mlima kuteremka.

Baada ya hilo huja swali la pili, nalo ni gumu zaidi. Njia ina hatari. Je, nibaki nyumbani nipoteze faranga za leo, au niende? Wengi wetu tumezoea kulijibu peke yetu, gizani, saa kumi na moja, huku tumeshika mwavuli mkononi. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba kumwachia mfanyakazi mmoja swali hilo ni kosa. Ili tulione vizuri, twende kwanza mbali, kwenye mji ambao mvua yake huanguka ikiwa nyeupe.

Mji huo unaitwa Buffalo, uko Marekani, kando ya Ziwa Erie, karibu na mpaka wa Kanada. Usidhani kwamba hautuhusu. Wako huko Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali waliofika kama wakimbizi, na leo wanafanya kazi viwandani, hospitalini na madukani kama wafanyakazi wengine. Wengi wetu tumeiona theluji katika picha za Kilimanjaro na Ruwenzori tu, na huko hukaa kileleni bila kumsumbua mtu. Buffalo huishukia barabara yenyewe.

Majira ya baridi ya 1976 hadi 1977 yaliweka rekodi ambayo mji huo haujaivunja: theluji yote iliyoanguka, ikijumlishwa, ilipita mita tano. Fikiria nyumba ya kawaida ya kijijini kwetu, kisha weka nyingine juu yake. Ijumaa tarehe 28 Januari 1977, watu walikuwa wamekwisha kwenda kazini. Karibu saa tano asubuhi upepo ukaja. Ziwa lilikuwa limeganda tangu Desemba, na juu ya barafu yake ilikuwa imelala theluji nyepesi kama unga. Upepo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa ukaizoa ile theluji yote na kuimwaga mjini. Maelfu ya watu walikwama maofisini na viwandani na kulala hapo hapo sakafuni. Tufani ile iliua watu 29, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yao yaliyofukiwa.

Mtu atasema: hayo ni ya zamani, sasa kuna mitambo ya hali ya hewa na simu kila mfukoni. Ni kweli. Basi tutazame Ijumaa nyingine katika mji ule ule, tarehe 23 Desemba 2022. Safari hii watabiri walikwisha kutangaza siku kadhaa mapema kwamba tufani kubwa inakuja. Hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa. Hata hivyo amri ya kupiga marufuku magari barabarani ilianza kutumika saa tatu na nusu asubuhi, na ilitangazwa chini ya saa moja kabla ya hapo. Saa tatu na nusu! Kila mfanyakazi anajua maana yake. Mwenye zamu ya asubuhi yuko kazini tayari, na wa zamu ya usiku yuko njiani kurudi. Amri ilimkuta mtu amekwisha ondoka kwake, ikamwambia asiondoke.

Tufani ilidumu saa 37 bila kuachia. Theluji ya uwanja wa ndege ilifika sentimita 132 hivi kwa siku chache. Magari yaliyotelekezwa barabarani yaliziba njia, hata mashine za kusukuma theluji zikashindwa kupita, na magari ya kuwaokoa watu yakakwama yenyewe. Katika kaunti ile walikufa watu 47. Wengine walikutwa majumbani, moto wa kupasha nyumba umezimika, wengine nje, wakitembea, wengine garini. Uchunguzi ulioagizwa na mji na kufanywa na Chuo Kikuu cha New York, uliotolewa mwaka 2023, ulitaja kuchelewa kwa amri ile miongoni mwa makosa ya kusahihishwa.

Kwa nini watu walitoka asubuhi ile na hali tangazo la hatari walilisikia? Kwa sababu kazi ilikuwa haijafungwa. Mtu anayelipwa kwa saa, asipokwenda halipwi, na asipokwenda bila ruhusa huenda asiipate kazi yake Jumatatu. Mwenye mshahara wa mwezi na ofisi yake anaweza kutazama dirishani akaamua kubaki. Kibarua hana dirisha la namna hiyo. Hapo ndipo Buffalo na Bweyeye zinapokutana, ingawa huko ni theluji na huku ni tope.

Kwetu hatari yenyewe ina sura nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda hata mito ikaacha njia zake na milima ikaporomoka. Walikufa watu zaidi ya 130, wengi katika wilaya za Rutsiro, Rubavu, Karongi, Nyabihu na Ngororero, na wengi walikuwa wamelala. Barabara kadhaa zilifungwa. Safari hiyo Rusizi hatukuwa miongoni mwa walioumia sana, lakini udongo wetu ni wa namna ile ile, na miteremko yetu ni mikali vile vile.

Inafaa kila mmoja aelewe mlima huporomoka vipi. Udongo wa mteremkoni hunywa maji siku baada ya siku, unakuwa mzito, na chini yake maji hujikusanya juu ya mwamba na kuulainisha kama sabuni. Kwa hiyo hatari haiko katika ile saa ya mvua kubwa tu. Mara nyingi mlima huanguka wakati mvua imekwisha pungua, baada ya wiki nzima ya kunyesha, wakati jua limechomoza na watu wanasema sasa twende. Zipo dalili. Ufa mpya juu ya barabara au kwenye lami yenyewe. Mti au nguzo ya umeme iliyoinama tangu jana. Chemchemi iliyokuwa safi sasa inatoa tope. Vijiwe vinavyodondoka kimoja kimoja. Ukiona mojawapo, rudi nyuma uwaonye walio nyuma yako, wala usisimame chini yake kupiga picha kama tunavyowaona vijana wakifanya. Na penye udongo ulioanguka tayari usipite juu yake kwa miguu kwa kuwa fulani amepita. Mporomoko wa kwanza mara nyingi hufuatwa na wa pili.

Maji yanayopita juu ya barabara nayo yasidharauliwe. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika 30 huweza kulisogeza gari dogo, na yakifika 60 hubeba magari mengi. Dereva anayewaambia abiria kwamba anaujua mto huu hajui kilichobaki cha barabara chini ya maji.

Sasa turudi kwenye faranga, maana ndiko tatizo liliko. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Asiyefika shambani hana kilo. Na majani ya chai hayangoji mtu: yakipita siku zake za kuchumwa yanakomaa, na jani gumu kiwanda hulikataa. Kwa hiyo baada ya siku mbili za njia kukatika, kapita naye huwa na haraka, na kiwanda kina haraka, na haraka hiyo yote humshukia yule mwenye kikapu mgongoni. Lipo jambo jingine ambalo halisemwi sana. Majani yaliyokwisha chumwa yakishindiliwa magunia na kukaa kwa saa nyingi, hupata joto na kuwa mekundu. Niliwahi kuona, katika shamba ambalo sitalitaja, lori likikwama kwenye tope tangu saa nane mchana hadi usiku. Kesho yake wachumaji wakaambiwa kilo zao zimepunguzwa kwa kuwa majani yameharibika. Mama mmoja mzee akamwuliza kapita, "Mwanangu, hilo lori nililiendesha mimi?" Kapita alicheka, lakini kilo hazikurudi. Kwa maoni yangu kilo ya mchumaji ni ile iliyoonekana kwenye mizani mbele ya macho yake, na yanayotokea baadaye barabarani si yake. Hilo lapaswa kuandikwa, maana lisiloandikwa hubishaniwa kila msimu.

Tuzungumze basi na mwajiri kabla ya mvua, wakati kila mtu ametulia. Wajumbe wa wafanyakazi tuliowachagua ndio wa kulipeleka jambo hili mezani, na mwajiri mwenye busara atalipokea, kwani gari lake likitumbukia korongoni na yeye amepata hasara. La kwanza ni saa. Tangazo la kufunga kazi lazima limfikie mtu kabla hajaondoka kwake. Kwa wanaoanza kutembea saa kumi na moja, basi liwe saa kumi na nusu, si saa tatu na nusu kama Buffalo. La pili ni mtu. Ajulikane ni nani anayeamua, na asipopatikana ni nani badala yake. Kapita wa chini asiachiwe mzigo huo, kwa sababu anaogopa kuamua, na mtu anayeogopa hungoja. Tangazo lipitie simu, na kila kilima kiwe na mtu wa kuwagongea milango wasio na simu au waliokosa umeme. La tatu ni malipo. Sitadanganya: sisemi kwamba kila siku ya mvua italipwa kamili. Lakini kuna mambo mengi katikati ya kulipwa yote na kukosa yote. Siku inaweza kufidiwa Jumamosi. Inaweza kulipwa nusu. Inaweza kutolewa kazi nyingine upande usiokatika. Na lililo dogo kuliko yote, ambalo halimgharimu mwajiri hata faranga moja, ni kwamba siku hiyo isihesabiwe kuwa ya utoro.

Wengine huuliza kama sheria inasema lolote. Mkataba wa kimataifa wa kazi namba 155 wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu, asiadhibiwe isivyostahili. Huo ni wa mahali pa kazi, na barabara ya umma ni jambo jingine. Lakini kipande cha njia kilicho ndani ya shamba, au gari la kampuni linalotubeba, sioni kwa nini visihesabiwe.

Kuhusu ajali ya njiani mambo yako wazi zaidi, na ni ajabu wengi hawajui. Nchini Rwanda mwajiri hulipa asilimia 2 ya mshahara kwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB, kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini. Fedha hiyo hulipwa na mwajiri peke yake, haikatwi kwako. Na ajali iliyompata mfanyakazi akitoka nyumbani kwenda kazini, au akirudi, huhesabiwa kuwa ajali ya kazi, mradi safari yake haikukatizwa wala kupindishwa kwa shughuli zake binafsi. Ukipita sokoni kwanza, au baa, hapo maneno huanza.

Kwa hiyo wa kwanza kuuliza ni wewe: je, nimeandikishwa? Uliza sasa, kabla mguu haujavunjika. Vibarua wengi hufanya kazi miaka bila jina lao kuonekana huko, na siku ya ajali ndipo karatasi zinapoanza kutafutwa. Ukikuta huna jina, mweleze mjumbe wako, na ikishindikana yupo mkaguzi wa kazi wa wilaya, pale Rusizi.

Na mwenzako akiumia njiani, mpelekeni kwanza kituo cha afya, kisha mmoja wenu aandike siku hiyo hiyo: saa aliyotoka nyumbani, njia aliyopita, mahali alipoangukia, hali ya mvua, na majina ya wawili waliomwona. Nakala moja apewe mwajiri ili aitangaze ajali RSSB, nyingine ibaki kwa mjumbe. Kituo nacho kiombwe karatasi yenye tarehe. Iwekeni ndani ya mfuko wa plastiki, maana nyumba zetu huvuja.